Mteja wangu mkubwa ndiye anayenitesa. Nimwache?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina kampuni ndogo ya usafi wa majumbani, mimi na wasaidizi wawili. Kuna mama mmoja tunamhudumia kila wiki kwa miezi 14 sasa. Tulikubaliana kwa mdomo saa 4 kwa wasaidizi wote wawili, yaani saa 8 za kulipwa, lakini kila mara wanatoka baada ya saa tano na nusu kwa sababu anaongeza kazi: leo makabati ya jikoni kwa ndani, wiki ijayo madirisha, wiki nyingine kabati la nguo. Kisha analalamika. Kioo cha bafu kina weupe usiotoka hata tusugue vipi, sakafu anasema inanata siku ya pili, na mara mbili kwa mwezi namtuma mtu arudi kurekebisha bure, saa 2 pamoja na njia. Jumbe zake zinaingia hadi usiku, nadhani zinanila nusu saa kwa wiki. Analipa kwa kuchelewa na mara nyingine anakata. Huwa anawaamuru wasaidizi wachanganye blichi na dawa ya choo ili madoa yatoke vizuri. Mwezi uliopita hereni yake ilipotea, akampekua mkoba msaidizi mmoja huku akimfokea. Jioni hereni ikaonekana kwenye kochi. Hakuomba radhi. Tatizo ni kwamba yeye ni robo ya mapato yangu. Nauza saa 32 kwa wiki kwa bei moja, na 8 ni zake. Wateja wengine wote kwa pamoja wananichukua saa 25 kwa zile 24 wanazolipia. Wasaidizi nawalipa kwa saa, nusu ya ninachotoza. Tena yeye ndiye aliyeniletea wateja 3. Mume wangu anasema mteja ni mfalme, nivumilie. Mimi usiku wa kuamkia siku yake silali. Nimwache?

JIBU: Dada, pole na kazi. Swali lako nimelisoma mara 3, na kila mara nilikwama mahali pamoja, pale ulipopita kwa sentensi moja tu: blichi na dawa ya choo. Hesabu, mfalme na wale wateja 3 tutawafikia. Hilo la blichi halisubiri.

Blichi ni haipokloraiti ya sodiamu iliyoyeyushwa katika maji. Dawa nyingi za choo, hasa zile za kung'oa ukoko na kutu, ni asidi. Vikikutana, klorini iliyokuwa imefungwa ndani ya blichi inatoka ikiwa gesi. Ni gesi ileile iliyofunguliwa dhidi ya askari waliokuwa kwenye mahandaki karibu na Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Chooni inatoka kidogo, kweli, lakini na chumba chenyewe ni kidogo, dirisha ni moja, na msaidizi wako ameinama uso ukiwa juu ya bakuli. Blichi ikikutana na dawa yenye amonia, na baadhi ya dawa za vioo zinayo, zinatoka gesi nyingine ziitwazo kloramini, nazo zinakaba kifua vilevile. Na madoa hayatoki vizuri zaidi hata kidogo. Dawa hizo mbili zinaharibiana kazi, na ile harufu kali ambayo mteja wako anaichukulia kama dalili ya usafi ndiyo sumu yenyewe.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujaamua lolote kuhusu mteja, waambie wasaidizi wako wote wawili: mtu yeyote akikuamuru uchanganye dawa, kataa, na akisisitiza toka, siku yako utalipwa. Ikitokea zimekwisha kuchanganyika, waache kila kitu kilipo, watoke kwenye hewa safi, wasirudi kumwaga wala kupangusa. Akibaki anakohoa, kifua kinambana au anapumua kwa shida, apelekwe hospitali hata kama anasema anajisikia nafuu, maana madhara kwenye mapafu wakati mwingine yanajitokeza saa kadhaa baadaye.

La pili ambalo halimo kwenye mizani ni ule mkoba. Umeliweka kwenye orodha pamoja na madirisha na jumbe za usiku, kama vile vyote ni vya daraja moja. Sivyo. Mteja aliyepotewa na kitu ana haki ya kuuliza, ana haki ya kukupigia wewe, na akiona kuna wizi ana haki ya kwenda polisi. Hana haki ya kupekua mkoba wa mtu. Na wewe, uniwie radhi kwa kusema hivi, hukuwa na haki ya kulivumilia, kwa sababu aliyedhalilishwa hakuwa wewe. Uvumilivu wa mwajiri kwa fedheha ya mfanyakazi wake hauitwi uvumilivu. Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba Na. 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, mwaka 2019, liliwahesabu pia watu wa nje wanaokutana na mfanyakazi akiwa kazini, wateja wakiwemo. Kwamba aliyefoka ni mteja, si bosi, hakubadilishi kitu kwa aliyefokewa.

Mwezi umepita, najua. Bado hujachelewa. Kaa na huyo msaidizi, mwambie ulipaswa kusimama siku ileile, kisha muulize kama anataka kurudi katika nyumba ile. Akisema hataki, asirudi, na asipunguziwe saa kwa sababu hiyo.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe umekuwa ukiangalia ukurasa mmoja tu wa daftari, ule wa mapato.

Tuseme kwa kila saa unatoza 10, ya fedha yoyote uitakayo, na unamlipa msaidizi 5. Mteja huyu anakulipa 80 kwa wiki. Kama kazi ingekwisha kwa saa zake 8, mishahara ingekuwa 40 na wewe ungebaki na 40 za nauli, sabuni na faida. Lakini wasaidizi wawili wanakaa saa tano na nusu kila mmoja, hizo ni saa 11. Ongeza ile safari ya marekebisho, ambayo kwa wastani ni saa 1 kwa wiki. Unalipa saa 12, yaani 60. Umebakiwa na 20. Bei haijashuka hata senti moja, muda umeongezeka kwa nusu tu, na bado nusu ya kilichokuwa chako imeondoka. Ndivyo biashara ya usafi ilivyo. Tunachouza ni muda, na kila dakika ya ziada hailiwi kwenye mapato, inaliwa kwenye kile chembamba kinachobaki baada ya mishahara. Hapo sijagusa zile siku anazokata.

Linganisha na wengine. Saa 24 wanazolipia zinakuingizia 240, mishahara ya saa 25 ni 125, unabaki na 115. Kwa hiyo mteja wako mkubwa analeta robo ya mapato lakini chini ya sehemu moja kati ya sita ya kinachobaki. Na ukijumlisha nusu saa yako ya jumbe, anakula saa 12 na nusu kati ya 37 na nusu za wiki nzima. Theluthi kamili.

(Kama zile saa za ziada huwalipi wasaidizi, basi futa hesabu yangu yote, kwa sababu mteja huyu hakugharimu wewe. Anawagharimu wao, na swali linabadilika kuwa zito zaidi. Ulivyoandika, naamini unawalipa.)

Kutokana na hesabu hiyo kuna jambo ambalo pengine litakupunguzia hofu. Ili kuziba pengo la faida atakaloacha akiondoka, yaani zile 20, huhitaji mteja mwingine wa saa 8. Unahitaji saa 4 tu zinazolipwa na kufanyika kama zilivyopangwa. Mteja mmoja mdogo, mwenye nyumba ya kawaida. Lakini usifurahi haraka. Wasaidizi wako wanapata saa 12 za mshahara kutoka nyumba ile kila wiki, na mteja wa saa 4 hatawarudishia zote. Wewe utapumua, wao watapungukiwa na saa 8. Kabla ya kuamua, waulize. Nimewahi kuona mwenye kampuni akimfukuza mteja kwa ushujaa mkubwa, kisha wiki mbili baadaye wafanyakazi aliokuwa akiwatetea wameondoka kwa sababu kazi haikutosha.

Na jambo jingine kutoka hesabu hiyohiyo: mteja huyu akikaa kwenye saa zake 8, anakuachia 40. Hiyo ni mara mbili ya anavyokuachia leo, bila kutafuta mteja yeyote mpya. Ndiyo maana kabla ya kukuambia uondoke nitakuuliza swali moja ambalo barua yako haikulijibu: umewahi kumwambia?

Sizungumzii kununa, wala kujibu jumbe kwa kuchelewa ili aelewe. Nasema kumwambia kwa maneno, kwamba makabati ya ndani hayamo kwenye saa 4. Nimetafuta katika barua yako yote sijaona. Kilichopo ni kwamba anaongeza na nyinyi mnafanya, anakata na wewe unapokea, anaandika usiku na wewe unajibu usiku. Waswahili husema ukimchekea nyani utavuna mabua, ingawa sitaki tumfanye mama wa watu nyani. Ninachosema ni kwamba kwa miezi 14 umemfundisha. Kila kilichoongezwa kikafanyika bila neno kilikuwa somo. Mtu mwenye roho safi kabisa angejifunza vilevile, kwa sababu upande wake mambo yanaonekana hivi: niliomba, wakafanya, hakuna aliyesema kitu, basi imo kwenye bei. Inawezekana ni mnyonyaji. Inawezekana pia hajui. Ukiwa umenyamaza huwezi kuwatofautisha watu hao wawili, na mimi niliyesoma barua yako tu ndiyo kabisa.

Halafu kuna malalamiko yake. Katika mawili uliyoyataja, moja amekosea na moja, samahani, yuko sahihi.

Kioo cha bafu kwanza. Maji magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, yakikauka juu ya kioo yanaacha ukoko mweupe. Ukoko ukiwa mpya, asidi dhaifu kama siki inauyeyusha. Ukikaa miaka bila kufutwa, kioo chenyewe kinaanza kulika, na hapo weupe unaouona si uchafu tena, ni kovu. Kovu halisuguliki. Jaribu sehemu ya ukubwa wa kiganja. Weka kitambaa kilicholowa siki, ngoja dakika kadhaa, sugua kwa upole, suuza. Rudia mara moja au mbili. Pakitakata, ni ukoko na kioo kizima kitatakata. Pakibaki vilevile, kuna uwezekano mkubwa kioo kimekwisha kulika, na dakika zote mnazoteketeza hapo kila wiki hazitazaa kitu. Mwonyeshe mteja hicho kiganja. Uzoefu wangu ni kwamba kiganja kimoja kinachoonekana kinamaliza ubishi wa miezi kuliko maelezo ya saa nzima. Siki isigusane na blichi, kwa sababu ileile ya pale juu, na isiguse jiwe la marumaru halisi, maana asidi inalila jiwe hilo na mng'ao wake unapotea.

Sakafu sasa. Sakafu inayonata siku ya pili baada ya kupigwa deki mara nyingi inanata kwa sababu ya sabuni, si kwa sababu ya uchafu. Sabuni ikizidi kipimo, au maji ya ndoo yasipobadilishwa, maji yanakauka na utando unabaki. Utando huo unashika vumbi na nyayo, sakafu inachafuka haraka zaidi, wasaidizi wanaongeza sabuni, na mzunguko unaendelea. Pimeni sabuni kama chupa inavyoelekeza badala ya kumimina kwa jicho, badilisheni maji yakichafuka, na kwa wiki mbili tatu za mwanzo pitieni kwa maji matupu kuondoa utando uliopo. Kwenye hili mama wa watu amelalamika kwa haki, na huenda baadhi ya zile safari za marekebisho mngeziepuka kwa kizibo kimoja cha sabuni pungufu.

Sikuambii haya ili nimtetee. Ukiondoka leo utaondoka na ile sabuni iliyozidi, uipeleke kwa mteja atakayefuata, na mwaka kesho utaniandikia kuhusu mwingine.

Mumeo anasema mteja ni mfalme. Mpe salamu zangu. Wazo hilo la kwamba mteja daima yuko sahihi lilivuma mwanzoni mwa karne ya 20, na linahusishwa na wenye maduka makubwa kama Marshall Field wa Chicago na Harry Selfridge wa London. Kwao lilikuwa na mantiki. Mteja anarudisha shati, duka linalipokea, linalikunja na kuliuza tena. Sisi hatuuzi mashati. Saa tano na nusu za msaidizi wako hazirudi dukani, haziuzwi mara ya pili, na sakafu iliyopigwa deki haikunjwi ikawekwa kwenye rafu.

Kuhusu wateja 3 aliokuletea: asante inatosha, na pengine ungempa kazi moja ya ziada bure kama zawadi, mara moja, ukiitaja kuwa ni zawadi. Hakukuletea kwa mkopo. Wale 3 wanakaa kwako kwa sababu nyumba zao zinang'aa, na kama wangekuwa wanakaa kwa ajili yake tu wangekuwa wameshaondoka.

Na kuna hesabu moja ya kichwani ambayo hukuiandika lakini naisikia: miezi 14 nimevumilia, nikiondoka sasa yote yamekwenda bure. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walieleza jaribio lililofanyika kwenye ukumbi wa tamthilia wa Chuo Kikuu cha Ohio. Watu walionunua tiketi za msimu mzima waligawanywa bila mpangilio, baadhi wakilipa bei kamili na wengine wakipewa punguzo. Michezo ilikuwa ileile, viti vilevile, lakini waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi katika nusu ya kwanza ya msimu. Fedha ilikuwa imeshaondoka kwa wote, ila walioumia zaidi walijiburuza zaidi. Miezi yako 14 ni tiketi iliyokwisha kulipwa. Ukibaki hairudi, ukiondoka hairudi. Swali lako halali ni moja: miezi 14 ijayo itakuwaje?

Basi ushauri wangu. Usimwache wiki hii. Mwambie wiki hii, na mpe ziara 4.

Suala la mkoba lizungumze kwa sauti, si kwa maandishi, na lizungumze kabla ya yote. Mpigie, au nenda. Sema neno fupi: "Mama, siku ile ya hereni mkoba wa msaidizi wangu ulipekuliwa na hakuwa amefanya kosa. Naomba umwombe radhi, na naomba lisitokee tena. Ukipotewa na kitu, nipigie mimi kwanza." Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa kicheko wala "lakini najua hukukusudia". Jibu lake kwa maneno hayo litakufundisha zaidi ya yote niliyoandika hapa. Akisema "niliogopa, hereni ilikuwa ya mama yangu, mwambie samahani", una mtu wa kufanya naye kazi. Akisema "hawa watu wako lazima wachungwe", usimtumie hata huo ujumbe unaofuata. Nenda moja kwa moja kwenye kuondoka.

Akiwa wa jibu la kwanza, siku hiyohiyo mtumie maandishi yenye sura hii:

"Shikamoo mama. Naomba tuiweke kazi ya nyumbani kwako kwenye maandishi kuanzia wiki ijayo. Wasaidizi wawili watakuwa kwako saa 4 kwa kazi zilizo kwenye orodha niliyoambatanisha. Ukihitaji kazi nyingine, niambie siku moja kabla nikupe bei na muda wake. Malipo ni siku ya kazi. Ukiona kasoro, nijulishe ndani ya saa 24 na tutairekebisha bila malipo. Jumbe nitazijibu asubuhi hadi saa 12 jioni. Kwa usalama, wasaidizi hawachanganyi dawa kwa namna yoyote. Nitashukuru ukinijibu kabla ya Ijumaa."

Ona kisichokuwemo. Hakuna "miezi 14", hakuna "nasikitika", hakuna "wewe huwa". Orodha iandike chumba kwa chumba na kitu kwa kitu, kwa sababu neno "safi" kila mtu ana lake. Kazi yetu ina balaa hili: ikifanyika vizuri haionekani, kinachoonekana ni kona moja iliyosahauliwa. Bila orodha, kona hiyo inakuwa nyumba nzima.

Tegemea wiki ya kwanza iwe mbaya kuliko zote. Mtu aliyezoea kwamba akisukuma mlango unafunguka, siku usipofunguka husukuma kwa nguvu zaidi kabla ya kuacha. Wengi wanakata tamaa hapo, wanasema "nilijua hatabadilika", na wanafungua mlango. Huko ndiko kumfundisha kwamba akisukuma zaidi atafanikiwa. Afadhali usingesema kitu. Saa 4 zikitimia, wasaidizi wakunje mopu, waage kwa adabu, waondoke hata kama dirisha moja limebaki.

Ziara ya kwanza na ya pili usizihukumu. Tazama ya tatu na ya nne. Wametoka kwa wakati? Amelipa siku hiyo? Malalamiko yake yamekuwa juu ya vitu vilivyo kwenye orodha? Hayo matatu yakiwepo, una mteja mkali, na mteja mkali anayelipa na kuheshimu muda ni mteja mzuri. Si lazima akupende. Akitimiza mawili na malipo yakachelewa siku mbili, mimi ningeendelea kidogo, nikiomba alipe kabla ya kazi. Akitimiza moja au hakuna, ondoka. Na dawa zikichanganywa kwa amri yake au mkoba ukaguswa tena, hata ikiwa ni ziara ya kwanza, mlango umefungwa siku hiyohiyo.

Wakati ziara hizo zinaendelea, tafuta yule mteja wa saa 4, na ukiweza wawili. Mtu mwenye mahali pengine pa kwenda anazungumza kwa sauti nyingine, na wateja wanaisikia.

Ikifika kuondoka, kuna ujanja mmoja maarufu katika kazi yetu ambao sikushauri: kupandisha bei hadi mteja akimbie mwenyewe. Siku moja atakubali. Hapo utakuwa umeuza usingizi wako kwa bei uliyoitaja mwenyewe na huna pa kulalamikia. Sema unaondoka. Mpe muda wa kutafuta mwingine, wiki mbili hadi nne kama hakuna hatari kwa wafanyakazi, na fanya ziara hizo za mwisho vizuri kama za kwanza. Sababu moja fupi inatosha: "Ratiba yetu haiwezi tena kuhudumia nyumba yako kwa kiwango unachostahili." Akidai maelezo, rudia hayohayo. Kila sababu utakayoongeza ni kamba ya kuvutana.

Ziara ya mwisho piga picha za kila chumba kabla ya kutoka. Funguo zirudishwe mkononi mwake, na mpeane karatasi ndogo yenye tarehe na sahihi kwamba zimepokelewa. Kama kuna namba ya siri ya geti au king'ora, mwombe aibadilishe. Kwa mtu aliyewahi kutuhumu, karatasi hiyo ni kinga ya wasaidizi wako miezi sita baadaye kitu kitakapopotea tena.

Akikusema vibaya hadharani, jibu mara moja, kwa upole, bila kutaja chochote cha ndani ya nyumba yake: tulimhudumia zaidi ya mwaka mmoja, tumemaliza makubaliano yetu, tunamtakia heri. Wanaosoma wanapima zaidi ulivyojibu kuliko alivyolalamika.

Kuna mambo ambayo mimi wa kwenye maandishi siyawezi. Akifungua malalamiko rasmi ya wizi, msaidizi asiandike wala kusaini maelezo yoyote kabla ya kuonana na wakili. Akiwa na deni kubwa analokataa kulipa, peleka jumbe na kumbukumbu zako za malipo kwa wakili au ofisi ya msaada wa sheria iliyo karibu, uulize njia ya madai madogo ikoje kwenu. Akidai mmeharibu kitu, zungumza na wakala wa bima kabla ya kukubali kosa. Mtu yeyote nyumbani mle akimgusa msaidizi kwa namna asiyoitaka au akamtishia, hapo hakuna ziara 4 wala wiki mbili, ni polisi. Na huo usingizi wako, dada, ukiendelea kukukimbia hata baada ya kumwambia, muone daktari. Wakati mwingine mteja ndiye anayeonekana, na uchovu uliojificha nyuma yake ni mkubwa kuliko yeye.

Wateja 3 alioleta usiwaeleze lolote, hata wakikuuliza. Wafikie kwa wakati wiki hiyo kama wiki nyingine yoyote, na sabuni ipimwe kwa kizibo.